Sikio la Sista

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sijui, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu mwanamke yule hakukupa nafasi ya kuuliza chochote. Yeye ndiye aliyeuliza. Umekula nini jana? Na juzi? Dawa umekunywa saa ngapi, na nani alikuona ukinywa? Ukijibu, anakwambia rudia. Ukirudia, anakwambia rudia kwa sauti, hapa si kanisani. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu yangu Majengo, nina wateja wanaonyenyekea mbele yangu wiki nzima kabla ya Pasaka ili nguo zao ziishe, lakini mbele ya nesi yule nilisimama kama mtoto wa darasa la kwanza nikikariri: dawa jioni, saa ile ile, kila siku, bila kuruka. Iliniudhi mwaka wa kwanza, ikaniudhi na mwaka wa pili, na leo nikikumbuka bado inaniudhi kidogo.

Tulimwita Sista. Hakuwa mtawa, ni vile tu nesi wa kike huitwa hivyo. Alikuwa kliniki ya moyo, na wagonjwa wote waliopasuliwa kifua na kuwekewa valvu walikuwa mali yake. Alisema hivyo mwenyewe, "wagonjwa wangu," kwa sauti ya mtu anayezungumzia mbuzi wake walioingia shamba la watu. Mdogo wangu Osmunda alikuwa mmoja wao. Maumivu ya koo ya utotoni, ambayo nyumbani tuliyatibu kwa maji ya chumvi na kuyasahau, yaliushambulia moyo wake taratibu, na alipokuwa msichana mkubwa alishindwa hata kutoka uani hadi barabarani bila kukaa chini kupumua. Madaktari wa Dar es Salaam walimfungua kifua, wakatoa valvu iliyoharibika, ule mlango mdogo wa damu moyoni, wakaweka nyingine ya chuma. Walifanya kazi nzuri, sina neno nao. Ila walipomaliza walitukabidhi Osmunda na mfuko wa dawa, wakasema mengine mtaelezwa na watu wa kliniki ya kwenu. Watu wenyewe wa kliniki ya kwetu ndio huyo Sista, peke yake, na sweta lake la bluu lililochakaa viwikoni.

Na mengine yenyewe ndiyo yaliyokuwa kazi. Valvu ya chuma damu hupenda kuigandia, na damu ikiganda pale valvu inakwama, na ikikwama mtu hafiki mbali. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Dawa ikizidi mwilini, damu itatoka kwenye fizi, puani, hata kichwani. Ikipungua nguvu, damu itaganda. Osmunda alitakiwa kuishi katikati ya hayo mawili mpaka uzeeni, na wa kumchunga asiangukie upande wowote alikuwa mwanamke ambaye sikumpenda.

Sikumpenda tangu siku ya blauzi. Osmunda aliporudi alikuwa na kovu refu katikati ya kifua, na mimi kama dada na kama fundi nilifanya nilichojua: nilimshonea blauzi nzuri ya kitenge, shingo imefunga hadi juu, zipu mgongoni, imekaa mwilini barabara. Tukaenda nayo kliniki. Sista akajaribu kuifungua ili amsikilize kifua, zipu ikakwama kwenye bitana. Akajaribu tena. Kisha, bila kuniangalia wala kumwangalia mwenye nguo, akachukua mkasi kwenye trei na kuikata kuanzia shingoni hadi tumboni. Kitenge kipya. Nilipopiga kelele alisema siku Osmunda akianguka barabarani hakutakuwa na mtu wa kutafuta zipu, nishone nguo zenye vifungo mbele. Nikamwambia afanye kazi yake aniachie yangu. Wiki iliyofuata nilishona blauzi tatu zenye vifungo mbele, nikizishona kwa hasira mpaka nikavunja sindano.

Basi, sikio. Ukikaa karibu na mtu mwenye valvu ya chuma mahali pasipo na kelele, unaisikia inavyolia, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyofunikwa nguo. Sista alikuwa na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni kama manesi wote, lakini kabla ya kukitumia aliinama na kuweka sikio lake tupu kwenye kifua cha mgonjwa, akafumba macho. Kliniki nzima ilinyamaza, maana aliyeongea wakati huo alitolewa nje, hata kama ni daktari. Alisema kipimo cha shingoni wagonjwa hawana nyumbani, mashine ya kupima damu nayo hawana, lakini kila nyumba ina mtu mwenye sikio. Mtu huyo aizoee sauti ya valvu kila siku ikiwa nzima, ili siku ikibadilika ashtuke mapema. Baada ya kusikiliza alikuwa ananyanyuka na kuniita: "Dada mtu, njoo uweke sikio."

Sikwenda. Niliona kinyaa kidogo na niliogopa sana. Chumba tulilala kimoja, na sauti ile nilikuwa nikiisikia hata bila kuitafuta. Nilikuwa nawasha redio ili nisiisikie. Sikutaka kuwa mtu wa kuisikiliza, kwa sababu anayeisikiliza ndiye atakayeisikia ikinyamaza. Nilimwambia Sista hiyo ni kazi yake. Akasema yeye nyumbani kwetu hayupo. Nikasema basi ahamie. Tuliyasema hayo karibu kila mwezi, kwa maneno yale yale, na Osmunda amekaa katikati yetu kifua wazi akisubiri tumalize.

Usidhani alikuwa mtu wa mfano kwa kila kitu. Aliwagombeza waliochelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kila Jumanne, maana Jumanne ilikuwa siku yake ya kupamba altare. Wagonjwa aliwakataza mitishamba kwa ukali wa polisi, ila mezani kwake kulikuwa na chupa ya chai yenye majani ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, na ukimuuliza anakwambia ni ya kwake, yeye hana valvu. Presha yake ilikuwa juu na dawa zake alizisahau kwenye mkoba. Na huyu aliyewahoji watu mboga walizokula kama hakimu ndiye aliyekuwa na bustani bora ya likolo pale Ruhuwiko, mboga za majani za kila aina, chinese, matembele, majani ya maboga laini yasiyo na nyuzi. Siku moja nilimkuta anamuuzia fungu mama mmoja ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amemgombeza kliniki kuhusu mboga. Nilisimama pale nikamwangalia tu. Akaniambia, "Huyu hununua fungu moja kila siku. Moja. Kwani nilimkataza nini?"

Hapo ndipo pananichosha hadi leo, kwa sababu alikuwa sahihi na hakuna aliyemwelewa. Mboga za majani hupunguza nguvu ya ile dawa. Dozi yenyewe hupangwa kwa kuangalia damu ya mtu pamoja na chakula anachokula siku zote. Kwa hiyo Sista hakusema msile likolo. Alisema kuleni sawa kila siku, kiasi kile kile, msizidishe wala msiache ghafla. Aliliimba neno hilo, sawa, sawa, sawa. Lakini watu wetu ukiwapa katazo wanalielewa, na ukiwapa ruhusa wanaielewa pia. Ukiwaambia sawa, kila mmoja anarudi na lake. Mmoja aliacha mboga kabisa akala ugali na dagaa mpaka fizi zikatoka damu. Mwingine alisema kama ni sawa, basi sawa, akala sufuria nzima. Na mama yetu alikubali kila kitu akiwa kliniki, akarudia kwa sauti alivyoambiwa, akafika nyumbani akaendelea na yake.

Kisha ikaja Kwaresima. Kwetu Kwaresima si mchezo. Nyama haionekani, wengine na samaki wanaacha, na kwa kuwa mvua zimenyesha, majani ya maboga yamejaa kila kona, unakula likolo mchana, likolo jioni, na Ijumaa unakula likolo peke yake ukiwa na njaa ya kutosha kwenda Njia ya Msalaba. Mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba Osmunda akipona upasuaji nyumba nzima itafunga nyama na samaki mpaka Pasaka. Nani angembishia? Mungu alikuwa amemrudisha mtoto wake akiwa hai.

Sista alilijua hilo kabla halijatokea, kwa wagonjwa wote wa kwake. Yeye mwenyewe alifunga kuliko padri. Kila mwaka kabla ya Jumatano ya Majivu alimwendea padri wa parokia kumwomba aseme kwenye matangazo kwamba waliowekewa valvu wasibadilishe mboga zao. Padri alikuwa mtu mwema, akamwambia kwa upole kwamba watu wa namna hiyo katika parokia nzima wanaweza kukaa kwenye benchi moja, awaambie mwenyewe. Mwaka ule Sista akangoja matangazo ya ndoa yaishe, akasimama katikati ya kanisa na sweta lake, akawaambia waumini kwamba wenye valvu mioyoni wale kama walivyokula Januari, na kama ni kujinyima wajinyime maneno. Watu walicheka. Mama alicheka pia, na mimi nilikuwa pembeni yake nikicheka, maana Sista alikuwa amenionea vya kutosha na nilifurahi kumwona yeye akiangaliwa na watu.

Ilikuwa kwenye wiki ya nne ya mfungo. Tulikwenda kliniki siku yetu ya kawaida, Osmunda hana malalamiko yoyote ila kachoka kidogo, nani hachoki Kwaresima. Sista akaweka sikio. Akakaa nalo pale kuliko kawaida. Akaweka sikio la pili. Aliponyanyuka alikuwa amebadilika uso, akasema valvu inalia kama mtu anayebisha hodi kwenye godoro. Akamtuma mtu maabara apime damu, akaambiwa vitendanishi vya kipimo hicho vimeisha, labda mwezi ujao. Alitamka neno ambalo mtu wa Misa ya asubuhi hatakiwi kulitamka. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, mnakula nini?"

"Tumefunga, Sista. Tunakula likolo tu. Mungu hawezi kumkasirikia mtu kwa mboga."

"Mungu hajakasirika. Damu ndiyo imeganda."

Hakusubiri mwezi ujao. Aliwasumbua madaktari mpaka rufaa ikaandikwa siku ile ile, na Osmunda akapelekwa Dar es Salaam. Kule mashine ikaonyesha damu imeanza kuganda kwenye valvu. Walimtibu kwa dripu bila kumpasua tena, na wakatuambia tungechelewa kidogo tu tungerudi na jeneza. Mama hajala likolo bila kuliangalia kwanza tangu siku hiyo. Mimi nilimshukuru Sista kama inavyotakiwa, akanijibu kwamba shukrani hazihitaji, anahitaji sikio langu. Nikakasirika tena. Hata kushukuriwa hakujua.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia kanisani. Lakini kuna mara ya pili.

Osmunda alijiunga na chuo cha ualimu. Alikuwa anakula sawa, anakunywa dawa sawa, vifungo vyake viko mbele. Karibu na mtihani wa mwisho tukaenda kliniki, Sista akaweka sikio, akanyanyuka na uso ule ule. Akasema haisikii vizuri. Akabadilisha sikio, akasema haisikii kabisa. Vitendanishi? Vimeisha. Nikamwambia Sista, huyu hajabadilisha chochote, ana mtihani, tusubiri kidogo. Hakutaka kunisikiliza. Rufaa ikaandikwa, tukaenda Dar es Salaam roho juu, Osmunda akinishika mkono njia nzima, na kule mashine ikaonyesha valvu inafunguka na kujifunga kama iliyowekwa jana. Damu safi. Daktari akatuuliza tumefuata nini. Mtihani ukawa umepita, na mdogo wangu akakaa nyumbani mwaka mzima akisubiri mwingine, wenzake wakiwa wameshaanza kazi.

Nilikwenda kliniki peke yangu. Sikungoja zamu. Nilimwambia kwamba amezoea kutisha watu, kwamba anapenda kuonekana yeye ndiye anayeshikilia roho zetu, na kwamba amemwibia mdogo wangu mwaka. Aliniangalia usoni kwa makini, akasema, "Rudia."

Nilidhani ni dharau. Nikarudia kwa kelele, wagonjwa wote wakasikia mpaka wa kwenye benchi la nje. Alivua kipimo shingoni, akakiweka mezani, akaita mgonjwa mwingine. Sikumsalimia tena baada ya hapo. Muda si mrefu tukasikia ameomba kustaafu kabla ya wakati wake na kuhamia shambani kwake Maposeni. Nikasema afadhali.

Haikuwa afadhali. Alikuja nesi kijana, mpole, mwenye kukuita mama na kukupa kiti. Hakuuliza ulikula nini. Hakuweka sikio kwa mtu yeyote, alisoma karatasi, na karatasi ikisema vitendanishi vimeisha alituambia pole, mje mwezi ujao. Naye akahamishwa. Kwa miezi kadhaa mlango wa kliniki ulikuwa unafunguliwa na mlinzi ili tukae ndani tusinyeshewe mvua, basi. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi lile nikiwa na hasira hata sijui nimpe nani. Nilitamani mtu anigombeze.

Osmunda alifaulu mwaka uliofuata na baadaye akapangiwa shule huko huko Maposeni. Kwaresima iliyopita nilikwenda kumtembelea, nikiwa nimembebea blauzi mbili. Akaniambia kuna mtu nataka umsalimie, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nikajua ni nani. Nilikataa. Akasema, dada, twende, nikaenda nikinung'unika njia nzima pembezoni mwa mahindi.

Alikuwa ameinama kwenye tuta la majani ya maboga, ametupa mgongo. Nilisema shikamoo Sista. Kimya. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, nikiwaza kwamba kumbe bado ana kinyongo. Osmunda akanipita, akaenda kumgusa bega. Sista akashtuka na kugeuka, akatuona, akatabasamu, na swali lake la kwanza lilikuwa umekula nini jana. Osmunda alimjibu polepole akiwa amesimama mbele yake kabisa. Sista hakumwangalia machoni. Alikuwa anaangalia midomo.

Nikasimama pale na mfuko wangu wa blauzi. Rudia. Rudia kwa sauti, hapa si kanisani. Miaka yote ile.

Alituingiza ndani, akatupa viti. Nilitafuta cha kusema, nikaona chochote nitakachosema itabidi nikipaze, na mambo mengine hayasemeki kwa kupaza. Alianza yeye.

"Ile mara ya pili haukuwa moyo wa mdogo wako," akaniambia. "Lilikuwa sikio langu. La kwanza lilikuwa limekufa zamani, nikawa natumia la pili. Siku ile na la pili likakataa. Mlivyorudi mkasema valvu ni nzima, nikajua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema pale kliniki, nilipokuwa namtukana mbele ya watu. Ilibidi nirudie mara mbili. Akasema angesema nini, wagonjwa wale wangemwamini nani wakirudi nyumbani? Kila nyumba aliyoiomba iweke sikio ilimwambia ni kazi yake. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema vitendanishi vimeisha, na mimi ndiye niliyekasirika, kwa ajili yake, kwa ajili ya kliniki isiyo na mtu, kwa ajili ya benchi lile. Nilikuwa nimekasirika mpaka nikasimama.

Nadhani alidhani nimesimama kwa sababu nyingine, au alijifanya. Alimpa Osmunda ishara kwa kidole. Osmunda akafungua vifungo, kimoja kimoja, vifungo vyangu mwenyewe, na kovu likaonekana, limeshafifia.

"Dada mtu, njoo uweke sikio."

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wangu nikaweka sikio kwenye kifua chake. Alikuwa na joto, alinukia sabuni na chaki. Nikafumba macho. Ilikuwa pale, kavu, wazi, haina haraka, tik, tik, tik, na nilipoizoea nikagundua kwamba ina mpigo mkubwa na mdogo, kama mguu wa mtu anayekanyaga cherehani yangu ya zamani. Sikutaka kuondoka pale. Nilipofungua macho Sista alikuwa ameinama karibu, anaangalia midomo yangu.

"Inalia," nikamwambia.

"Rudia."

"Inalia, Sista."

"Kwa sauti."

Nikamwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima, mpaka waliokuwa kwenye shamba la jirani wakainua vichwa kuangalia nyumba ile kuna nini. Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mgongo.

"Sawa," akasema. "Na kesho?"